Jibu la Zile Dakika Arobaini

Adeer Yusuf, ami yangu wa maabara,

Jibu ulilokuwa unalingoja limefika. Limekuja Jumanne na gari la posta lililosindikizwa na askari, bahasha ya kaki yenye jina lako, na karani akanipa mimi kwa kuwa hakujua ampe nani mwingine. Nimeifungua. Unisamehe. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu uondoke.

Asubuhi ile tulipanga twende wote kwenye kisima cha kambi mpya, kule watu wa malishoni walikokusanywa kwa amri ya serikali. Watoto walikuwa wanaharisha, na baadhi walishazikwa. Lakini bakteria wetu walikuwa tayari kwenye supu ya kuwaoteshea, ndani ya kabati la joto, na hesabu yao haingojei mtu. Ukaniambia, "Wewe baki, hesabu. Mimi nachota maji, narudi." Ukabeba sanduku la chupa, ukapanda lori.

Nilikuwa na jicho kwenye hadubini niliposikia mshindo. Nilidhani ni askari wanafanya mazoezi. Nikaendelea kuhesabu, Adeer. Nikaandika idadi kwenye daftari, saa tano na dakika ishirini, mwandiko mzuri kabisa. Dakika ishirini baadaye nikaandika nyingine, nayo ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Ndipo mfagizi wa zahanati alipofungua mlango. Aliponiambia kwamba lori lenu limekanyaga bomu la ardhini mkiwa njiani kurudi, na kwamba dereva amepona lakini wewe hapana, nilimwuliza kama chupa zimevunjika. Hilo ndilo swali lililonitoka. Sijui lilitoka wapi.

Nawaza hesabu ile ya saa tano na dakika ishirini. Sijaweza kufungua ukurasa huo tena.

Sasa nikuambie ya barua. Unakumbuka tulivyobishana mwezi mzima? Seli zetu zilikuwa zinagawanyika kila dakika ishirini, na jarida alilokutumia mwalimu wako wa Nairobi lilisema kwamba kunakili kromosomu, ule uzi wenye urithi wote wa bakteria, huchukua kama dakika arobaini. Mimi nikasema saa yetu ni mbovu. Ukaivua mkononi ukaiweka mezani mbele yangu, kisha ukauliza, "Mwende, mimba ya ngamia ni miezi kumi na tatu. Mtu akikwambia ngamia wake anazaa kila miezi sita, utamjibu nini?" Nikasema nitamjibu kuwa ni mwongo. "Basi hawa vijidudu ni waongo," ukasema, ukacheka mpaka ukakohoa. Jioni hiyo hiyo ulimwandikia mwalimu wako.

Si waongo, Adeer. Wala saa yetu si mbovu. Mwalimu anasema uzi ule ni pete, hauna mwanzo wala mwisho, lakini kunakili huanzia mahali pamoja maalumu. Dakika arobaini ni kweli. Ila chakula kikiwa tele, seli haingojei. Kabla nakala ya kwanza haijakamilika, kazi ya pili inaanza pale pale, juu ya nyuzi zote mbili mpya. Kwa hiyo seli ikigawanyika, kila binti anapata pete ambayo tayari imeanza kunakiliwa kwa ajili ya wajukuu. Nilisoma mara tatu. Nilikaa sakafuni, nimejiegemeza kwenye kabati la joto. Kisha nikainua kichwa na kusema, "Adeer, sikia hii," kwa sauti, nikikitazama kiti chako.

Mkeo Khadija amekaa eda kwa mama yake. Nilimpelekea sukari na majani ya chai. Sikujua niseme nini, mimi Mkamba, katika siku hizi ambazo watu wa bara na watu wa hapa hawatazamani vizuri. Akanishika kiganja akaniuliza, "Hayo maji alikuwa anayatafutia nini?" Nikamweleza. Akasema, "Basi usimwache na kazi nusu, abaayo." Hakuwahi kuniita dada kabla ya siku hiyo.

Chupa moja haikuvunjika. Dereva aliileta mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, na karatasi yako bado imebandikwa: jina la kisima, tarehe, saa, kwa ile penseli yako ya zambarau. Niliogopa kuigusa. Nikaipima. Ina vijidudu vya utumbo kupita kiasi. Watu wale wanakunywa kinyesi. Nilikwenda kwa afisa wa afya na matokeo. Akasema chupa iliyokaa juani nusu siku si ushahidi, kwamba vijidudu vinaweza kuwa vimezaliana humo. Nikamjibu kwamba kuongezeka kila dakika ishirini ni kwa supu, palipo na chakula tele. Maji ya kisima hayana cha kuwalisha hivyo. Hakukubali yote. Alikubali watu wachemshe maji, na kisima kifungwe mara nitakapoleta chupa ya pili iliyohifadhiwa baridi kwenye sanduku la makaa yaliyoloweshwa maji.

Mama yangu ameandika kutoka Kitui niombe uhamisho. Wenzangu wawili wa bara wameshaondoka. Sijamjibu. Wala sijamjibu mwalimu wako. Bado hajui kwamba aliandika kwa mtu ambaye hayupo.

Mimi ni Mkristo, na dua zenu nazijua kwa kuzisikia tu. Mungu akurehemu, Adeer, akupanulie kaburi lako. Kwaheri, bwana wangu uliyenipa hadubini wakati wengine walinipa ufagio.

Msafara wa kambi unaondoka kesho saa moja asubuhi, kwa barabara ile ile. Nimeshachemsha chupa sita. Nitachota maji mwenyewe.

Binti yako wa maabara,
Mwende