Dawa ya Shingo ya Bwalya

Katuba, Lubumbashi,
tarehe 12 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Mwelwa,

Pokea salamu zangu kwanza, maana hata mwenye hasira hasalimu mwisho. Hujambo? Mkeo Mama Kapya hajambo? Goti lililokusumbua wakati wa baridi limepona, au bado unalipeleka ziwani kila asubuhi kana kwamba ni goti la kijana? Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Wajukuu wanakwenda shule vizuri. Mvua imeanza kwa upepo mkali, na bati la jikoni kwangu limeng'oka upande mmoja. Fundi ameahidi kuja, nawe unawajua mafundi.

Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu nilipokupigia simu Jumapili ulinikatia uliposikia jina la mkwe wetu Aaron. Na hata ungenisikiliza, wewe hufungua simu kwa sauti kubwa, ufukweni, wavuvi na wachuuzi wakiwa wamekuzunguka. Nitakayoyasema hayafai masikio hayo. Mama Alima, mchuuzi wa samaki, anaondoka kesho na lori la kuja kwenu. Nimemwagiza akupe barua hii mkononi mwako. Isome peke yako, uisome hadi mwisho.

Mdogo wetu Bwalya anaumwa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba tangu Jumatatu ya juma lililopita ameacha kabisa dawa yake ya shingo, na ameiacha kwa sababu ya neno lako.

Sasa itanibidi nitaje mambo ambayo dada hamtajii ndugu yake wa kiume. Uniwie radhi. Nimekaa siku nyingi nikitafuta njia ya kuyazunguka, sikuiona.

Unakumbuka alivyopasuliwa goita. Madaktari waliliondoa tezi lote la shingoni. Tangu hapo mwili wake hauna mahali pa kutengenezea ile homoni ya tezi inayotupa joto na nguvu. Anaipata katika kidonge kimoja, kila asubuhi kabla ya kula, na ni hivyo kwa maisha yake yote. Daktari Aaron, mume wa binti yake Daniella, ndiye aliyemnunulia dawa hiyo na kufuatilia vipimo vya damu yake miaka yote, kwa kumtuma Daniella, kama heshima ya ukwe inavyotaka. Bwalya akimwona Aaron njiani huvuka akapita upande wa pili. Nami, kwa kuwa ni mama mkubwa wa Daniella, hufanya vivyo hivyo. Sikuandikii ili niilaumu desturi hiyo. Nimeishika na nitakufa nayo.

Mwaka huu hedhi ya Bwalya ilikoma, na umri huo ukamjia vibaya: joto la ghafla, jasho la kulowesha shuka, usingizi hakuna. Mwezi wa tano alikwenda kwenye kituo kidogo cha afya huku Katuba, na daktari wa pale akamwandikia vidonge vya homoni za kike. Havikumdhuru mwanzoni. Alianza kulala, akawa anaimba tena kwenye cherehani yake, nasi tukafurahi bila kujua sababu. Lakini muuguzi wa pale, Ngalula, alipomwuliza kama anatumia dawa nyingine, Bwalya alijibu kwamba hatumii. Ngalula anasali kanisa moja na Aaron. Bwalya aliona kwamba akitaja dawa ya shingo, Ngalula atampigia Aaron simu, na mkwe atapata kujua kwamba mama mkwe wake amekoma hedhi. Aibu hiyo ilimshinda, akaficha.

Kufika mwezi wa nane alikuwa mtu mwingine. Uso ulivimba, sauti ikakwaruza, maneno yakawa yanatoka polepole kama ya mtu aliyeamshwa. Alisinzia akiwa ameshika kitambaa chini ya sindano. Oktoba, jua linapotuchoma sote, yeye alikuwa amevaa sweta na kulalamika baridi. Aaron alimwona kwa mbali siku ya ubatizo, akaomba damu ipimwe. Ilionekana homoni ya tezi imepungua. Akamtuma Daniella amwulize mama kama kuna dawa mpya anayotumia. Bwalya akakana tena. Basi Aaron akabaki na wazo moja tu, kwamba mgonjwa anaruka dawa, na Daniella akaja kumgombeza mama yake mbele ya wateja. Huo ndio ugomvi uliousikia wewe huko Kilwa kwenu ziwani, ukiwa umeongezwa chumvi na kila aliyeubeba.

Mimi nilikwenda kumkanya. Nilimwambia kwamba mtu mzima hasukumwi kumeza dawa kama mtoto. Alilia, akanijibu, nami ninayaandika maneno yake kama alivyoyatamka:

"Yaya, dada yangu, mi shirukake dawa! Nakunywaka yote mbili, kila asubui."

"Zote mbili? Zipi na zipi?"

Akaziba mdomo kwa mkono. Siri ilikuwa imekwisha kutoka.

Kesho yake nilimpeleka kwa Ngalula. Mama yule ana ulimi, lakini ana moyo. Alimfungua Bwalya kitambaa cha shingoni, akaliona kovu, akapiga makofi mara moja.

"Maman Bwalya! Mu mwezi wa tano ulikuya na hii foulard, nikasema maman anasikia baridi. Kumbe ulikuwa unafichia njia ya kisu! Nilikuuliza: iko dawa ingine? Ulinijibu nini?"

"Nilisikia haya."

"Haya ya nani? Ya mukwe? Sasa mukwe akuzike na heshima yote, njo utafurahi?"

Bwalya alicheka, ndugu yangu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Julai.

Kisha Ngalula alitueleza, na daktari wa kituo akathibitisha. Nakueleza nawe, ulielewe vizuri. Homoni za kike zinazomezwa hupitia kwenye ini. Ini nalo huanza kutengeneza kwa wingi zaidi protini zinazobeba homoni ya tezi katika damu. Protini hizo huikamata homoni, na ile inayobaki huru kuufanyia mwili kazi hupungua. Mwenye tezi zima hahisi kitu, kwa sababu tezi lake huongeza kazi likajazia. Bwalya hana la kuongeza. Fikiria samaki: waliovuliwa ni wale wale, lakini vikapu vimeongezeka ufukweni. Kila kikapu kinashika wake, na chungu cha nyumbani kinachemsha maji matupu. Kidonge kilichomtosha miaka yote kikawa hakimtoshi tena, ingawa hakuruka hata siku moja. Alikuwa akisema kweli, na sote tulimwona mwongo.

Tena si ugonjwa wa kukata tamaa. Daktari huongeza kidogo kile kidonge cha asubuhi, damu hupimwa tena baada ya majuma sita hadi manane, na zile homoni za kike zinaweza kubadilishwa zikawa za kupaka au za kubandika kwenye ngozi, ambazo kwa kawaida hazileti shida hiyo. Lisiloruhusiwa ni mgonjwa kujiamulia mwenyewe kuacha hii au ile. Ngalula alimpigia Aaron simu tukiwa tumetoka nje, kwa heshima. Aliniambia baadaye kwamba Aaron aliomba Bwalya aambiwe kwamba anamwomba msamaha. Mambo yote yalikuwa yamepangwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi.

Jioni ile ile ikaingia sauti yako katika simu ya Bwalya. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ulisema: "Bwalya, ile dawa ya shingo ya mukwe njo inakuua. Usiikunywe tena. Nitatuma kamyo ikulete huku."

Ulisema kwa upendo, sikatai. Ulikuwa umesikia kwamba dada yako anavimba na kusinzia, nawe uko mbali. Lakini wewe ndiwe uliyeketi katika kiti cha baba. Mimi ni mkubwa wako kwa umri, nilikubeba mgongoni, na bado neno langu katika ukoo huu halina uzito wa neno lako. Bwalya alikiweka kidonge cha shingo juu ya kabati, hajakigusa tena. Zile homoni za kike anaendelea kuzimeza, kwa kuwa hazikutoka mkononi mwa Aaron. Yaani kile anachokikosa mwilini ndicho alichokiacha, na kile kinachomwongezea pengo ndicho alichobaki nacho.

Nilikwenda mjini nikanunua kopo jipya la dawa ile ile katika duka la dawa, kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia hili halijapita kwa Aaron. Alilitazama, akanijibu:

"Yaya, Mwelwa alisema dawa ya shingo. Hakusema kopo ya nani."

Ngalula alikuja kumsihi. Daniella alikuja kupiga magoti mbele ya mama yake. Mchungaji naye alikuja. Anatusikiliza sote, anashukuru, anarudi kulala. Daktari wa kituo ameniambia wazi: mtu asiye na tezi akikaa bila dawa hiyo, mwili unapoa, moyo unapiga polepole, na mwishowe anaweza kuzama katika usingizi usioamshika. Jana nilimwita mara tatu kabla hajafumbua macho. Mikono yake ilikuwa baridi, na nje ilikuwa mchana wa jua kabla ya mvua.

Kuhusu lori lako: usilitume. Barabara ya Kasomeno wakati huu wa mvua unaijua kuliko mimi. Na akifika huko, nani atampima damu? Hatakufia mikononi mwako kwa sababu ya Aaron, Mwelwa. Atakufia kwa kukutii.

Ukitaka kumchunguza mkwe wetu, njoo wewe mwenyewe, ukae kwangu, umwite na wazee wake, umwulize yote unayotaka. Nitasonga bukari, ugali wetu, nipike na samaki wako, wala sitaingilia. Ukimwona na kosa, mhukumu. Lakini hukumu ya mkwe inaweza kungoja hadi kiangazi. Dada yako hawezi.

Ninakuomba jambo moja. Ukimaliza kusoma, panda mahali simu inaposhika, umtumie Bwalya sauti yako. Usinitumie mimi; ataniambia nimekulazimisha. Mwite kwa jina lake. Mwambie dawa ya shingo aimeze, kutoka mkono wowote. Useme hivyo hivyo, "kutoka mkono wowote", la sivyo atatafuta mkono uliousahau. Huna haja ya kukiri kwamba ulikosea. Hilo silihitaji, na yeye halihitaji.

Leo asubuhi nilimwekea kidonge na bilauri ya maji, kama ninavyofanya kila siku. Alikishika vidoleni kwa muda, nikadhani Mungu amenisikia. Kisha akaniuliza, "Mwelwa alisema?" Nikamjibu, "Bado." Akakirudisha juu ya kisahani, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Kesho nitamwekea tena, na kesho kutwa, kabla hajala chochote. Ataniuliza. Nipe la kumjibu.

Nisalimie Mama Kapya na mama yake mzazi, umsalimie Kapya na mkewe, na mzee Zakari, jirani yako, kama bado anakumbuka jina langu. Daniella anakuamkia, na watoto wake nao. Bwalya hakuniambia nikusalimu, kwa sababu hajui kwamba ninakuandikia. Lakini kila anapoamka hulitaja jina lako.

Mungu aliyetulinda tangu utoto akulinde majini, na akulegezee moyo kabla ya kinywa.

Ni mimi dada yako mkubwa, nikupendaye na kukungoja,

Chilufya