Taa Nyeupe Juu ya Mawaridi

Baba Tawana,

Salamu nyingi kutoka Masvingo. Sisi sote wazima, isipokuwa mawaridi.

Taa ulizotuma kutoka Johannesburg zilifika. Nilikwambia bustani inataka zile ndogo za njano, chini kando ya njia. Wewe ukang'ang'ania ile kubwa nyeupe ikae juu ya mawaridi, eti wageni wayaone. Haya, nikaiweka. Jana ikanyesha mvua ya kwanza, giza likaingia, nikaiwasha. Kumbikumbi wa mtaa mzima wakahamia kwetu!

Wageni nao wakaja, na mabeseni. Mama Nyengeterai, jirani aliyeninunia tangu kuku wake walipomaliza sukumawiki yangu, aliruka uzio bila hodi. "Shoga, zima hiyo taa ya barazani, unawagawa kumbikumbi!" Mama yako, ambaye magoti hayamruhusu hata kwenda kanisani, nilimkuta amepiga magoti katikati ya mawaridi, anazoa. "Mwanangu ana akili," akasema. "Wenzake wananunua taa za urembo, yeye kanunua ya kitoweo!"

Tuliwakaanga kwa chumvi, tukala na ugali wetu wa sadza. Waridi lililobaki limesimama hakuna.

Leo taa yako nimeihamishia getini, na huko itabaki inawaka. Krismasi mbili sasa unasema unakuja. Kumbikumbi, wenye mbawa za jioni moja tu, wameiona wakaja wenyewe. Wewe unasubiri nikutegee beseni?

Ni mimi, ninayekula peke yangu na mama yako,
Mama Tawana