Kobe wa Bi Somoe

Jumatatu, 5 Agosti 1991. Kiswere

Nimegawa karatasi na rangi za nta, zile zinazopatikana madukani tangu bidhaa za nje ziwe ruksa. Wanawake sita wa kikundi changu wamechora. Bi Somoe hakuchora. Tangu amzike binti yake hajatamka neno. Uji huuonja tu na kuurudisha. Mwanga wa bahari uliingia dirishani, ukatulia juu ya karatasi yake tupu. Nilidhani inapumua.

Wafadhili watafika wiki ijayo. Nimeahidi kuwathibitishia kwamba uchoraji huponya huzuni. Natamani mno wanisifu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeghadhibika. Bi Paulina, Mmakonde auzaye mihogo, aliingia bila kualikwa, akaichukua karatasi ya Bi Somoe, akachora kobe aliyejitanda kanga.

“Ndiye wewe huyu, Somoe. Umejifungia gambani ili tukupikie mpaka lini? Mvivu mkubwa!”

Wale wanawake sita wakacheka. Mbele ya mfiwa! Nikamtoa nje. Kwetu Bukoba hakuna athubutuye kumcheka mfiwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Bi Somoe hakuja. Dada yake anasema tangu jana hata uji hauonji. Naogopa.

Niliota karatasi nyeupe zikielea katika maji ya kina kifupi. Kila moja ilikuwa na mdomo. Midomo yote imefumbwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Paulina. Shikamoo yangu ilitoka kwa shida.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza na hapa kwangu?”

Kisha akaniketisha. Bi Somoe ni Mmwera; makabila yao ni watani tangu enzi za mababu. Siku ya mazishi Bi Paulina alijilaza ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Ndiyo kazi ya mtani: kumchokoza mfiwa hadi akumbuke kwamba yeye bado yu hai.

“Wengine wote wanamwogopa. Nisipomtukana mimi, atamtukana nani?”

Nimeona haya. Huzuni ya mwenzangu niliipima kwa kibaba cha kwetu. Nimemwomba arudi.

Jumanne, 13 Agosti

Wamekuja pamoja. Bi Paulina akachora kobe yuleyule, safari hii amelala chali. Bi Somoe akampokonya rangi, akachora mwanamke mwenye pua kama jembe.

“Na huyu ni wewe.”

Sauti nyembamba, kana kwamba imevuka maji kutufikia. Kisha, kando yao, akachora kanga ya binti yake, haina mtu ndani. Akalia. Bi Paulina akalia naye, huku akizidi kumtukana. Baadaye wakamega muhogo mmoja.

Alhamisi, 15 Agosti

Wafadhili wamefika. Picha ile Bi Somoe aliomba aende nayo nyumbani. Sikuwa na moyo wa kuidai. Nimewaonyesha nyingine. Wameangalia, wameaga. Hawakunisifu.

Jioni nimepita kwa Bi Somoe. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Picha imebandikwa ukutani, moshi umeanza kuitia rangi yake. Ndani Bi Paulina alilalamika kwamba uji ni mwepesi kama maji ya kunawa. Bi Somoe alimjibu kwamba yeye amemaliza bakuli zima, na asiyetaka aondoke.

Hakuondoka mtu. Sikubisha hodi.