Saa Moja na Kitu Kutoka Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi? Sisi ni wazima. Mjukuu wako, ambaye hujamwona bado, ameota meno mawili na anang'ata kila anachoshika. Usishangae mwandiko kupinda. Naandika ndani ya ndege, naye amenilalia kifuani.

Baba, ndege ni kitu cha ajabu. Basi hunitoa Mwanza alfajiri na kunishusha Moshi usiku, miguu imevimba. Leo nimekunywa chai nyumbani, hata njaa haijarudi, rubani anatuambia tutazame kushoto. Kibo hiyo hapo, nyeupe, juu ya mawingu, imetulia kama haina habari na mtu. Marangu kwetu sijakuona, kuko upande wa pili wa mlima. Abiria wamepiga picha mpaka wamechoka. Mimi nimekuwaza wewe, uliyeifikia theluji ile kwa miguu, mzigo wa mgeni kichwani, safari baada ya safari, ili mimi nisome. Humu ndani tumekaa tumefunga mikanda na bado tunajiona mashujaa. Hakuna anayekufikia.

Ndiyo maana naona aibu. Krismasi nne nilikwambia Mwanza ni mbali, nawe ukanitetea kanisani kwa waliouliza mbona Manka haji. Kumbe kwa ndege ni saa moja na kitu. Nililijua hilo nilipokuja semina Arusha. Nilishuka KIA, nikauona mlima, nikalala hotelini siku mbili, nikarudi zangu. Sina cha kujitetea. Nilichoka tu, nikajidanganya kwamba nitakuja siku nyingine. Mtoto wa jirani yetu, yule dereva wa watalii, aliniona uwanjani akakwambia, na mama akaniletea jibu lako: "Binti yangu yuko mbali. Huyo aliyeonekana KIA simjui."

Tangu siku hiyo hupokei simu zangu. Neno lile limenichoma, Baba, na ulikuwa na haki ya kulisema.

Barua hii siipeleki posta. Nikishuka napanda moja kwa moja hadi kwa shangazi, dada yako, hapo ng'ambo ya mfereji. Atachuma jani la isale mpakani kwake akuletee pamoja na barua, kama tunavyoombana msamaha sisi Wachagga. Najua jani la isale halikataliwi. Lakini sitaki unisamehe kwa sababu mila imekubana. Nataka unisamehe kwa kuwa umenikumbuka.

Wasalimie mama na bibi aliyenilea, na kaka anayebaki na ng'ombe wenu. Waambie ukiniruhusu nitawashika mkono mwenyewe.

Wakati unasoma hapa, nimesimama uani kwa shangazi, mtoto mgongoni. Sitavuka mfereji kabla hujanijibu. Ukimaliza, toka nje uniite kwa jina. Nitasikia.

Mwanao,
Manka