Siku ya Tatu Unguja

Nachingwea, 2 Julai 2025

Wifi yangu Makrina,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Nandagala? Kaka Ladislaus hajambo, na Enock anaendeleaje na masomo ya darasa la saba? Mimi mzima, ila zamu za wodini zinanivimbisha miguu, na moyo nao haujatulia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu umenifungia simu. Wiki mbili napiga, haiiti. Kwenye kundi letu la Wasapu umejitoa bila kuaga. Wauguzi wenzangu, Jenifa na Getruda, wananiuliza kulikoni. Barua hii anakuletea Mikidadi, yule muuza mitumba anayekuja gulio la Ruangwa kila Jumamosi.

Wifi, Unguja nilikualika kwa mapenzi. Safari ilikuwa yetu wauguzi watatu, nikawaambia wenzangu, mke wa kaka yangu hajawahi kuvuka maji, twende naye. Ukaja ukanuna. Siku ya pili tulipokwenda kuangalia kobe ulibaki gesti umejifunika shuka, unasema tumbo. Nilikuachia dawa, niliporudi ziko mezani vilevile. Kesho yake ukaamka mzima, unacheka kuliko sisi wote, unatulipia kila kitu. Halafu kwenye basi la kurudi, kimya hadi tunashuka. Kosa langu ni lipi?

Wifi yako,
Marietha

Nandagala, 5 Julai 2025

Wifi Marietha,

Milele amina. Sisi wazima, Enock anakusalimu. Mikidadi anasubiri huku anakunywa chai, kwa hiyo mwandiko unisamehe.

Simu nimekufungia kwa sababu kaka yako anaitumia. Ya kwake ilitumbukia kisimani mwezi wa nne, tangu hapo ujumbe wangu anausoma yeye, na hela zake zinakaa kwangu. Sikutaka uandike neno lolote la Unguja akalikuta.

Uliniambia laki mbili na nusu, kila kitu humo. Nilishona sare za shule miezi mitano nikazipata. Kumbe ni nauli ya kwenda na chumba tu. Tumefika, fulana za kufanana, elfu ishirini na tano. Chakula cha jioni, sahani moja bei ya debe la mahindi. Asubuhi, boti ya kwenda kwa kobe. Ninyi mna mishahara, mnatoa tu. Mimi nilibaki na nauli ya kurudi, ndiyo maana tumbo likauma.

Jioni ile mlikuwa mnakula ukumbini, mlango wangu uko wazi. Getruda akasema, "Mtu kama hana hela, kwa nini asafiri?" Ukacheka, wifi. Sauti yako naijua.

Kwenye simu kulikuwa na laki mbili na ishirini za kaka yako, za kupulizia dawa mikorosho: kukodi mashine ya kubeba mgongoni, petroli na vibarua. Kesho yake nikazitoa. Gari la kwenda Nungwi nililipa mimi, pweza mimi, juisi mimi, hata ya Getruda. Zikabaki elfu arobaini.

Sasa maua yametoka. Kaka yako anauliza mashine inakuja lini, namwambia mwenye mashine ana foleni. Tafadhali, usimwambie.

Wifi yako,
Makrina

Nachingwea, 10 Julai 2025

Makrina,

Salamu nitakupa siku nyingine. Leo siwezi.

Nilicheka, ni kweli. Nilicheka kama mtu anavyocheka mezani, bila kujua uko macho na mlango uko wazi. Hilo naomba unisamehe. Lakini ungeniita pembeni ukaniambia wifi, sina. Neno moja. Badala yake umeninywesha juisi ya korosho za kaka yangu mwenyewe, na sasa unataka nimfiche. Yule ndiye aliyeuza baiskeli yake nipate kusoma uuguzi.

Unasema tuna mishahara. Mimi safari ile niliikopea, nakatwa hadi Februari. Ninachoweza kutoa ni elfu sitini, nazo hadi mshahara wa mwisho wa mwezi utoke. Nitampa Mikidadi mkononi, zisipite kwenye simu. Ila mwambie mumeo wewe mwenyewe. Ukiendelea kukaa kimya, nitakuja kumwambia mimi.

Marietha, dada wa mumeo

Nandagala, 23 Agosti 2025

Wifi,

Salamu nyingi. Afya ipo, tunashukuru.

Zile sitini zilifika tarehe mbili mwezi huu, nikaongeza zile arobaini zilizobaki, mashine ikaja. Imekuja imechelewa. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi siku nane mfululizo, ugonjwa wa ubwiriunga ukashika. Maua yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga, sasa ni meusi, ukiyagusa yanapukutika. Mikorosho ya jirani iliyopuliziwa mapema inang'aa. Kila mtu anayepita njiani anaona shamba lipi halikuhudumiwa.

Nimemwambia. Nilikuwa namenya mihogo, yeye ameketi mlangoni, nikasema yote bila kumwangalia. Nilitegemea apige kelele. Akauliza tu, "Angalau ulifurahi?"

Nikamjibu hapana, hata kidogo. Nilidhani ndilo jibu la kumpoza.

Akasimama. "Basi hela yangu imenunua nini?"

Tangu siku ile anaondoka alfajiri na baiskeli ya kuazima kwenda Narung'ombe kupulizia mikorosho ya watu kwa kibarua. Anarudi macho mekundu kwa dawa ya salfa. Nikimwekea maji ya kuoga anasema asante. Nikimwuliza kingine, hajibu.

Wifi yako,
Makrina

Nachingwea, 18 Septemba 2025

Wifi Makrina,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku salama, ila uchovu. Makato yanaendelea, naishi kwa dagaa na mchicha. Getruda anakusanya michango ya kwenda Mafia mwezi wa kumi na mbili, nami nimejitoa kwenye lile kundi.

Kaka alipita hapa Jumanne, alitumwa kununua kipuri cha mashine ya watu. Alikaa nusu saa. Habari ya hela hakuitaja. Aliniuliza tu ulikuwaje ukiwa kule baharini.

Nikamwambia nilichokiona. Kwamba uliingia majini na kitenge, ukakataa kutoka, dereva akapiga honi mara tatu, ukatoka kitenge kinachuruzika huku unacheka. Aliniangalia kama namdanganya. Akaaga akaondoka.

Kwa nini ulimwambia hukufurahi? Nilikuwepo, nilikuona. Umempotezea hela, halafu ukamnyima hata kile kilichopatikana. Wifi, unanichosha.

Wako,
Marietha

Nandagala, 8 Novemba 2025

Wifi yangu Marietha,

Milele amina. Sisi wazima. Miguu yako inaendeleaje? Jitahidi kuilaza juu ya mto.

Mnada wa kwanza wa korosho tulipeleka gunia moja na kilo chache. Mwaka jana yalikuwa saba. Enock akichaguliwa kidato cha kwanza, sare nitamshonea mwenyewe, daftari na viatu bado hatujui.

Barua yako iliniudhi, nikaichana. Lakini maneno yake hayakuchanika. Wiki iliyopita tulikuwa shambani mimi na kaka yako, tunanyonyoa korosho kwenye mabibo, chache mno hata hazifuniki kitako cha kapu. Nikamwambia, Ladislaus, nilikudanganya mara ya pili. Nilifurahi. Siku ile ya tatu, nilipokuwa majini, nilisahau hela, nilisahau Getruda, nilikusahau na wewe. Nikamweleza maji yalivyo na joto, na jinsi mchanga unavyokimbia chini ya nyayo wimbi likirudi. Nilisema nalia, maana nilijua namwongezea kidonda.

Hakuacha kunyonyoa. Akauliza kama ni kweli maji yale ni ya kijani. Nikasema ni kweli. Akauliza kama niliogopa. Nikasema mwanzoni.

Akafunga kapu, akanitwisha. Tulikuwa tumeshafika njiani ndipo akasema, "Haya. Mwakani mashine utabeba wewe."

Ndilo neno refu kuliko yote aliyoniambia tangu Agosti.

Wifi yako,
Makrina