Bwana Yangu Notaire Anataka Kunitosha

Mama Syntiche mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, kwa maana Jumapili baada ya misa nimepanga kuondoka nyumbani, valise ya nguo iko tayari chini ya kitanda, na kaka yangu Ruben wa Kasungami nimeshamwambia afagie chumba cha nyuma, ingawa sababu sikumwambia, nimesema tu nakuja kupumzika, naye akacheka akaniuliza tangu lini mimi najua kupumzika.

Mimi ni mke wa notaire, mtu wa kuthibitisha hati za watu, si notaire wa serikali, huko alikuwa zamani, akaacha, akafungua ofisi yake mwenyewe mjini, ile wanayoiita étude, na tangu siku ya kwanza tuko mimi na yeye, pamoja na Kapya mlinzi wetu wa mlangoni, mimi ndiye ninayepokea watu, ninaandika hati kwenye kompyuta, ninawatuliza ndugu wanaogombania parcelle, kiwanja cha marehemu baba yao, mpaka zamu yao ifike, na siku hizi namjua anayemlilia baba na anayeililia parcelle kabla hajakaa kwenye kiti. Nisikufiche Mama, nayapenda maisha yale, adhuhuri tunasogeza karatasi pembeni tunakula bukari, ugali wetu, na samaki juu ya meza ileile, na bwana yangu ananichambulia samaki wangu miiba kwa sababu macho yangu hayaoni vizuri tena, anafanya hivyo huku akizungumza habari nyingine, hata yeye mwenyewe nadhani hajui kwamba anafanya.

Siku moja mteja mmoja aliyetoka Kinsevere aliuliza huyu mama ni nani, mbona anaijua kazi hivi, bwana yangu akajibu, «Ule ni bibi yangu, ananisaidiaka tu», nikacheka pamoja nao. Lakini tuliache hilo, silo lililonifanya nikuandikie.

Jumatatu mchana nilikuwa napiga pasi mashati yake, dirisha wazi, na yeye yuko barazani anaongea na Clément kwenye simu. Clément ni fiscaliste wetu, mtu wa mambo ya kodi, kwa sababu haya ndiyo majuma ya déclaration ya mwaka na kila mtu anayejitegemea anahangaika, na bwana yangu akishika simu hupiga kelele kama vile Clément yuko ng'ambo ya mto, basi nilisikia kila neno, na nakuandikia kama alivyosema:

«Essence, tutoshe nusu, juu motokari inaendaka na ku kanisa. Encre na papier, tosha yote. Kapya, tosha. Na bibi naye, hii mwaka tutamutosha. Ndiyo, bibi yangu! Iko charge, Clément, charge ya kweli kweli. Nilichelewa kumutosha, ni kosa yangu, miaka yote ile nilikuwa namuachaka tu mule. Na ile bureau ya pili ya Kipushi, loyer yake nayo tuitoshe.»

Mama, pasi ilibaki juu ya shati mpaka kola ikaungua. Mimi ni charge, yaani mzigo, mimi niliyebeba étude yote mgongoni, na anajuta kwamba amechelewa kunitosha nyumbani, kunifukuza, tena ana bureau ya pili, ofisi nyingine, na hata mtoto wa hapa Lubumbashi anajua bureau ya pili ya mwanaume ni ile isiyo na meza, yenye kitanda, na huyu wangu anailipia loyer, pango la nyumba, kabisa! Ni kweli aliwahi kuniambia kwamba anataka kufungua mlango kule Kipushi kwa ajili ya wachuuzi wanaovuka mpaka wa Zambia, wapate notaire karibu, na kila Alhamisi anakwenda huko, na mimi mjinga namfungia chakula kwenye bakuli, sahani mbili kwa sababu anasema atamgawia mwenye nyumba, fikiria, nilikuwa nampikia yule mwanamke kwa mikono yangu mwenyewe!

Nikamweleza Léonie, tunayeimba naye katika kwaya, akapiga makofi, akasema, «Edith, mwanaume akikuita charge, amekwisha kukutia mu njia. Wee tangulia, asikufukuze.» Ndipo nikafunga valise.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Nimeficha cachet yake, ule mhuri wa étude, nimeuzika ndani ya ndoo ya unga wa mahindi jikoni, nilitaka naye aone jinsi ilivyo kukosa kitu ambacho bila hicho huwezi kufanya kazi. Watu wanakuja, wanarudi bila hati zao, na yeye hanishuku hata kidogo, hilo ndilo linaloniua, jana nilimkuta amepiga magoti anachungulia chini ya kabati, suruali nzima vumbi, akaniambia, «Chérie, wee njo unajuaka fasi ya kila kitu, unisaidie.» Nikapiga magoti kando yake, nikatafuta. Tulitafuta pamoja mpaka akanionea huruma, akanishika mkono akaniinua, akasema nikae, mgongo utaniuma. Mama Syntiche, niende au nibaki? Nampenda, na ndiyo sababu nalia, kwamba yeye anataka kunitosha na mimi bado nampenda.

Edith, mama Exaucée, mke wa notaire, Lubumbashi

—

Edith mdogo wangu,

Kabla ya neno lolote, nenda jikoni. Toa cachet kwenye unga, uipanguse kwa kitambaa kikavu, si kwa maji. Nenda, nakungoja.

Umerudi? Vizuri. Nimekuhurumia tangu mstari wako wa kwanza, lakini lazima pia nikugombeze. Kuna watu walitoa nauli, wakaacha kazi zao, wakaja kutafuta hati, nao hawajakukosea chochote. Wewe unawarudisha mikono mitupu kwa sababu ya simu uliyoisikia nusu, upande mmoja, kupitia dirishani. Mteja wako angefanya hivyo, ungemwambia nini? Ungemwambia akae, anywe maji, alete ushahidi.

Haya, tuusome ushahidi wako. Petroli, wino, karatasi, Kapya, mke, loyer. Mdogo wangu, mwanaume anayetaka kufukuza mke haanzi na petroli. Na Kapya je, naye anafukuzwa? Mbona hukumfungia yeye valise? Bwana yako alikuwa anapanga na Clément gharama za kazi yake. Mtu anayejitegemea hutangaza alichoingiza kwa mwaka, kisha huondoa alichotumia ili kazi iende, na kodi hupimwa kwenye kinachobaki. Kile kinachoondolewa Wafaransa wanakiita charges, na kuondoa, sisi watu wa hapa, tunasema kutosha. Tunatosha sufuria ku moto, tunatosha mutoto mu maji, tunatosha na essence mu kodi. Ndugu zetu wa pwani wana neno hilohilo, lakini kwao mtu anayetosha ni mtu asiyepungukiwa na kitu. Laiti bwana yako angezaliwa Mombasa! Ungemsikia anamtangazia mtu wa kodi, kwa kelele, kwamba mke wake anatosha, ungetoka na pasi yako mkononi kwenda kumbusu.

Bureau ya pili sasa. Hapa nilicheka mpaka mhariri wa gazeti akaja kuuliza kama niko mzima. Mwenye bureau ya kitanda huficha loyer yake hata mbele ya padri. Hampigii simu fiscaliste kuomba aiandike ili serikali nayo iijue! Tena wewe mwenyewe umeniambia kwamba alikueleza habari za wachuuzi wa mpakani. Alikueleza, ukamsikiliza, ukasahau, kisha ukamwamini Léonie. Léonie ana sauti nzuri, bila shaka. Abaki nayo kwenye kwaya.

Hapo nimemtetea bwana yako. Usifurahi mapema kwa niaba yake, kwa sababu sijamaliza naye.

Machozi yako hayakuanza Jumatatu. Yalianza siku ile ya mteja wa Kinsevere, pale kwenye «ananisaidiaka tu». Uliniambia tuliache hilo. Mimi siliachi. Mtu anayepokea, anayeandika, anayetuliza wanaogombana, anayejua kila kitu kilipo mpaka mwenye étude anamwita akiwa amepiga magoti, huyo hasaidii tu. Huyo anafanya kazi. Na ulipocheka pamoja nao, ulimeza kitu ambacho kimekuja kutoka wiki hii kwa njia ya ndoo ya unga.

Kwa hiyo neno charge usiliache lipite hivihivi. Watu wa kodi wanazo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Kuna mtu aliye à charge, yaani wa kulishwa, kama mtoto mdogo au mama mzee. Na kuna charge ya kazi, yaani gharama iliyolipwa kweli, yenye ushahidi. Adalbert alikuweka upande gani? (Ndiyo, jina lake ulilisahau nyuma ya bahasha, nimeliona, wala wasomaji hawatamjua, maana Adalbert wako wengi.) Kama alikuweka kwa wanaolishwa, amesahau hati zake zinaandikwa na nani. Kama alikuweka kwa wafanyakazi, basi namuuliza: mkataba wa mke wake uko wapi? Mshahara wake uliingia mkono gani? Pesa ya soko si mshahara, ya soko inaliwa na nyumba nzima, yeye akiwemo.

Gharama ambayo haijatoka mfukoni haitoshwi. Kama mwaka uliopita hakukulipa, basi kwa mwaka huo asikutoshe, na wewe usikubali kutia sahihi kwenye karatasi yoyote ya kurudisha siku nyuma ili ionekane alikulipa. Nalisema kwa ukali makusudi. Watu wanampelekea notaire maneno yao ili yaaminike, hawezi kuanza kudanganya kwa kutumia jina la mke wake. Tena kuhusu mke anayefanya kazi kwa mumewe sheria inaweza kuwa na masharti yake, na hayo ayachungue Clément kabla ya déclaration, siyo mimi, wala siyo kwaya.

Lakini nisikilize tena vizuri maneno yake: «Nilichelewa, ni kosa yangu.» Mimi siyasikii kama maneno ya mtu anayefukuza. Nayasikia kama ya mtu aliyeamka akaona nani ameishika étude yake miaka yote hii, akaona aibu, akataka kulitengeneza jambo. Amekosea tu mlango: amemwambia mtu wa kodi kabla ya kukuambia wewe. Wanaume wa karatasi ndivyo walivyo, upendo wao lazima upitie ofisini kwanza. Mtu anayekuchambulia miiba bila kujua kwamba anafanya hivyo, mdogo wangu, huyo hajakuchoka.

Sasa fanya hivi. Leo adhuhuri, mkishasogeza karatasi, weka cachet mbele yake na useme ulichofanya, chote, mpaka unga. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, wala usilie ili kumkatisha. Akishatulia muulize: «Papa Exaucée, miye niko charge ya namna gani?» Kisha nyamaza. Najua ni vigumu kwako, umezoea kumtafutia kila kitu, lakini jibu hili alitafute mwenyewe.

Baadaye zungumzeni mambo ya kazi kama watu wa kazi. Mkataba uanze mwezi huu, wenye jina lako na jina la kazi yako, mshahara unaouona kwa macho yako kabla haujafika sokoni, na utangazwe panapotakiwa. Wale waliorudi bila hati mpigie kila mmoja wewe mwenyewe, uwaombe radhi, uwape zamu ya kwanza. Na mteja mwingine akiuliza wewe ni nani, usimngoje bwana yako afungue kinywa. Jibu, «Miye njo secrétaire wa étude», uendelee kuandika.

Jumapili usiende Kasungami. Mwambie Ruben chumba chake kimepona. Baada ya misa panda gari na bwana yako mwende Kipushi, akufungulie hiyo bureau ya pili kwa mkono wake, uiingie ukiwa wa kwanza. Ukikuta meza, kaa, uone kama kiti kinakufaa. Ukikuta kitanda, nipigie simu palepale, nitakuja na lori mimi mwenyewe.

Mama Syntiche