Kurasa Nilizoziruka

Jumapili, 6 Julai

Ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, zimeanikwa. Kuku nimewafukuza mara mbili. Mama yuko kanisani, ibada ya pili. Nina saa moja hivi.

Niandike sasa kabla sijaogopa. Mimi huruka kurasa. Sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji. Naanza kitabu, nasoma sura tatu vizuri kabisa, halafu moyo unaanza kukimbia na mimi nakimbia nao. Milima naruka. Mvua naruka. Nani alivaa nini, nani alibeba nini, naruka yote. Natafuta mahali watu wanapogombana au wanapopendana. Na bado nina blogu ya vitabu! Huko najiita Binti Mulongwe. Wasomaji kumi na wanane. Mmoja aliniita "msomaji hodari". Niliona haya. Nilifurahi pia.

Kosa la pili ni la jana na leo. Liko juu ya mapaja yangu.

Ni kitabu cha atelie ya Mama Zawadi, ninakojifunza kushona tangu nimalize mtihani wa taifa. Mteja mmoja alikisahau siku ya kupimwa gauni, hakurudi tena. Hakina jalada. Hatujui jina lake wala aliyekiandika. Tunakiita Salima, kwa jina la mwanamke aliye ndani yake. Yaya Furaha, dada mkubwa kwetu sote, ana sauti kubwa, kwa hiyo yeye anasoma, sisi tunashona. Anayesoma hashoni, pindo zake tunagawana. Kanuni ya Mama Zawadi ni moja tu: Salima analala kwenye droo ya cherehani ya kwanza. Hatoki. Hakuna kuwatangulia wenzako kusoma.

Jana ilikuwa zamu yangu ya kufagia. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Wenzangu wako ukurasa wa tisini. Mimi nimefika mwisho.

*Saa kumi.* Nimeandika kwenye blogu. Kichwa: "Salima anamwacha Rajabu". Rajabu ni mume wake, seremala, mpole mpaka anakera. Nyumba inatawaliwa na mama yake. Ukurasa wa mwisho Salima yuko ndani ya boti, Rajabu amesimama ufukweni, hapungi hata mkono. Nililia kidogo. Nimeandika kwamba kuna siku mwanamke anapaswa kwenda zake. Mimi, ambaye sijawahi kufika hata Kamanyola peke yangu.

Maoni sita! Sijawahi kupata sita.

Jumatatu, 7 Julai

Nimewahi. Kitabu kilikuwa drooni kabla ya wote kufika. Hakuna aliyejua.

Tumefika ukurasa wa mia moja na nne. Mama mkwe amemwaga uji wa Salima makusudi. Nadine, anayekaa karibu nami, alipiga ngumi cherehani yake. "Huyu mama iko na roho ya mamba!" Nilishangaa pamoja nao. Nashangaa vizuri, kumbe.

Jumanne, 8 Julai

Natamani ardhi inimeze.

Binamu yangu alituma ile makala kwenye kundi la simu la kwaya ya vijana. Furaha yumo. Asubuhi akasema, "Sikilizeni, kuna mutu anaandika juu ya vitabu, anatoka hapahapa Mulongwe." Akasoma kwa ile sauti yake ya kitabu. Kichwa chenyewe kilitosha. Cherehani zote zilisimama.

"Anamwacha?" Nadine akauliza. "Rajabu wetu?"

"Anamwacha. Iko hapa. Boti, ufuko, yote."

"Huyu Binti Mulongwe ni nani? Aje hapa nimupime kitambaa ya sanda!"

"Amekula samaki yote, ametuachia miba," mwingine akasema.

Wakakubaliana kwamba lazima kuna kitabu kingine kama hiki, labda bandarini Kalundu, kimeshuka na boti. Niliangalia sindano yangu tu. Furaha akamrudisha Salima drooni. "Minye mwenyewe siendelei. Nisome ya nini, na mwisho tunaujua?"

Mama Zawadi alikuwa anakata kitenge. Mkasi wake ulikwenda mpaka mwisho wa kitambaa bila kusimama.

Jumatano, 9 Julai

Redio siku nzima. Matangazo ya sabuni. Furaha anashona pindo zake mwenyewe, na anazishona kwa hasira. Nadine anasema atahamia atelie ya shangazi yake, huko angalau kuna televisheni.

Mama Zawadi amesema Jumamosi atampa mama wa karanga kile kitabu, afungie karanga zake.

Miaka sita ya sekondari nilikaa nyuma na sikuzungumza. Ile atelie ndiyo mahali pa kwanza nilipokaa katikati ya watu bila kuogopa, kwa sababu hakuna aliyetakiwa kuongea. Salima alituongelea sote. Nimepaharibu mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefuta makala. Haisaidii. Waliyosikia wameshayasikia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeongea.

Ilikuwa saa nne. Redio ilikosa umeme, pakawa kimya kibaya. Nikasikia sauti: "Mama Zawadi, naweza kusoma minye?" Ilikuwa yangu.

Furaha akageuka na kiti chake chote. "Weye? Weye unaongeaga?"

Walicheka. Hata mimi. Mama Zawadi akafungua droo. "Asome. Kesho inaenda kwa karanga, tuiage vizuri."

Nilisimama kwa sababu nilidhani kusoma kwa sauti ni kusimama. Ukurasa wa pili nikakutana na mvua, aya mbili ndefu, na macho yangu yakaruka yenyewe kama yalivyozoea. Sentensi iliyofuata haikuungana na iliyotangulia.

"Umepumuzika ao umeruka?" Mama Zawadi, bila kuinua kichwa.

Nikarudi. Nikasoma mvua yote. Na ile mvua ndiyo iliyobomoa karakana ya Rajabu! Mbao zake zikabebwa na maji mpaka ziwani. Sikujua. Nilikuwa nimeandika kwenye blogu kwamba Rajabu ni mvivu, amekaa tu nyumbani. Hana mahali pa kufanyia kazi, maskini.

Nadine alishona pindo tatu za kwangu. Nilizihesabu kwa furaha.

Jumamosi, 12 Julai

Nataka niandike yote bila kuacha kitu.

Saa tano mama wa karanga alikuwa tayari mlangoni na beseni lake, anasubiri karatasi. Zilibaki kurasa nne. Nikafungua ya mia moja arobaini na saba na humo ndani kulikuwa na ndagala. Moja, kavu, bapa kama alama ya kitabu. Yangu, ya Jumapili. Nikaiingiza mfukoni haraka. Nilipoinua macho, Mama Zawadi alikuwa ananitazama. Kisha akatazama uzi wake.

Nikaendelea. Ilikuwa ile sehemu ya kupakia mizigo botini, kurasa mbili za vitu tu. Jumapili niliziruka kwa kidole kimoja. Sasa nilizisoma: magunia mawili ya unga, birika, sufuria tatu, kitanda cha futi sita kilichofunguliwa vipande, msumeno, nyundo mbili, na randa ya kulainishia mbao iliyoviringishwa ndani ya shati.

"Rudia," Nadine akasema.

"Randa iliyoviringishwa ndani ya shati."

"Salima anaenda kufanya nini na randa?"

"Na kitanda ya futi sita," Furaha akaongeza. "Ya mutu mumoja?"

Mama Zawadi akaweka mkasi mezani. Huwa hauweki. "Seremala hatumi randa yake mahali yeye haendi. Minye siwezi tuma makasi yangu hata Kalundu bila kuifuata."

Kelele! Nadine alisimama juu ya kiti. Furaha alikuwa anapiga meza. "Anamufuata! Wanamukimbia ule mama! Hapungi mukono juu ya sababu yeye anakuja na boti ya kesho, mama yake asijue!"

Nikasoma ukurasa wa mwisho. Uleule niliolilia, maneno yaleyale. Boti inaondoka, Rajabu amesimama, hapungi mkono. Safari hii walipiga vigelegele. Mama wa karanga pia, na yeye hakujua hata Salima ni nani.

"Na ule Binti Mulongwe?" mmoja akauliza.

"Ule hakusoma!" Furaha alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Aliruka! Mutu anaandika juu ya kitabu na hajasoma kitabu!"

Walicheka sana. Mimi pia, na masikio yalikuwa moto. Hawajawahi kunisema vibaya hivyo, na sijawahi kuwa na furaha hivyo.

Mama wa karanga ametafutiwa magazeti ya zamani. Salima yuko drooni.

Jumapili, 13 Julai

Nimeandika kwenye blogu: "Niliruka kurasa. Salima hamwachi Rajabu. Naomba radhi kwa walioharibiwa kitabu, na zaidi kwa Rajabu." Sikujitetea.

Wasomaji wawili wameondoka. Mmoja ameandika, "Hata mimi huruka mvua." Nimesoma maoni hayo mara nne.

Jumatatu, 14 Julai

Furaha alitusomea ile radhi. "Angalau iko na haya," Nadine akasema, na jambo likaisha. Atabaki nasi, hahamii kwa shangazi. Nimepewa kusoma Jumanne na Alhamisi.

Jioni wengine wakatoka. Mama Zawadi akaniita, akanipa kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge. Kitabu. Chenye jalada. "Peleka kwako, mutoto. Soma kwanza, uniambie kama inatufaa."

"Asante, mama."

"Uiweke mbali na ndagala."

Akainama kwenye cherehani yake, akazungusha gurudumu. "Na mvua usome."

Niko mlangoni kwetu sasa, bado kuna mwanga. Mama anakusanya ndagala. Ukurasa wa kwanza ni mlima. Mlima mtupu, hakuna mtu hata mmoja. Nausoma wote, polepole, hadi kwenye nukta.

Daftari langu, Mama Zawadi anajua na hajamwambia mtu. Na wewe usimwambie.